Mheshimiwa Akija, Mama Ntilie Anamuuzia Nani?

Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye kimbweta nahangaika na kazi ya kikundi (kikundi chenyewe ni mimi na mwenzangu mmoja, wengine tangu Jumatatu "wako njiani"), shangazi akapiga simu. Shangazi yangu anauza chakula katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu. Mji wenyewe sitautaja, ila kama umewahi kupanda basi la mikoani basi umeupita au umepita wa kufanana nao: stendi, msikiti, kanisa, sheli mbili, gesti tatu nne, na msururu wa meza za nyanya na vitunguu. Baada ya shikamoo na habari za masomo akaingia kwenye hoja.

"Baba, huku diwani katutangazia kiongozi mkubwa anakuja mwezi ujao. Kikoba wako tayari kunipa laki tatu. Nikope au niache? Wewe si ndo unasoma uchumi huko?"

Kusema kweli swali kama hilo sijawahi kukutana nalo kwenye mtihani wowote. Tumefundishwa pato la taifa, mfumuko wa bei, mizania ya biashara. Hakuna mhadhiri aliyesimama akatuambia mama ntilie apike sahani ngapi siku Mheshimiwa anapopita. Nikamwomba anipe siku mbili tatu. Na sababu ya kuogopa kumjibu haraka ni kwamba swali hili lilishamuumiza.

Miaka mitatu nyuma alikuja mgeni mkubwa pale pale. Mji mzima ulichangamka wiki nzima kabla, na shangazi akapiga hesabu ambayo hata mimi ningeipiga: watu maelfu wanakuja, watu wanakula, kwa hiyo tupike. Akakopa, akaandaa sahani 120 za pilau, kila moja ikimgharimu kama shilingi 1,800, auze kwa 2,500. Siku ilipofika, stendi ikahamishiwa nje ya mji kwa usalama, barabara ikafungwa asubuhi, na wateja wake wa kila siku, yaani madereva, makonda na abiria, hawakuonekana. Wale maelfu kweli walikuja, lakini kwa mabasi ya kukodi. Wakashushwa uwanjani, wakasikiliza, wakapandishwa, wakaondoka. Kibanda chake kiko kilomita moja na nusu kutoka uwanjani. Aliuza sahani 31. Ukipiga hesabu alipoteza 138,500, na lile deni alilimaliza baada ya miezi mitano. Pilau lililobaki tulikula sisi na majirani, na nakumbuka mtoto wa jirani aliuliza kama kuna harusi.

Sasa, watu wengi wakisikia kisa kama hiki wanaruka moja kwa moja kwenye siasa: ziara ni nzuri, ziara ni mbaya, ziara ni hasara kwa taifa. Mimi nataka tubaki kwenye swali la shangazi. Mgeni mkubwa anapoingia mji mdogo, hela inapita wapi? Inaingia kwa nani, inatoka saa ngapi, na nini kinabaki mahema yakishafunguliwa?

Tuanze na picha rahisi ambayo kila mmoja hapa chuoni anaijua. Siku bumu linapotoka. Siku ile wauza chipsi getini wanafurika, fundi simu anapata wateja, na wadogo zetu wanaanza kupiga simu za salamu. Wiki tatu baadaye getini kumetulia, tunarudi kwenye wali maharage. Lakini angalia vizuri: zile hela hazikukaa getini. Muuza simu kazipeleka Kariakoo kuagiza mzigo mwingine, mwenye bajaji kazipeleka sheli, na sisi wengine tumezimaliza kwenye bando. Hela iliingia mtaani kwetu, ikagusa mikono miwili mitatu, ikatoka. Wachumi wanaita hali hiyo kuvuja. Mji ambao unazalisha vitu vyake wenyewe, ndoo yake ina matundu machache, na kila shilingi inayoingia inazunguka mara nyingi kabla ya kutoka. Mji unaonunua karibu kila kitu kutoka nje, ndoo yake ni chujio.

Mji mdogo siku ya ziara ni chujio hasa. Fulana na kofia zimechapwa mjini mkubwa. Mahema, spika na jukwaa vimekuja na lori kutoka makao makuu ya mkoa. Maji ya chupa yametoka kiwandani mbali, duka la pale linabaki na faida ndogo ya kuuza tu. Kinachobaki kwa wenyeji ni vile vitu visivyobebeka: chumba cha kulala, chakula kilichopikwa pale pale, kazi ya mikono, na usafiri wa boda. Kwa hiyo ukitaka kujua ziara inaunufaisha mji kiasi gani, usihesabu watu uwanjani. Hesabu waliolala, waliokula kwa wenyeji, na waliolipwa kwa jasho lao.

Na hata hapo kuna mtego. Gesti ikijaa maofisa kwa siku nne, mwenye gesti anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini gesti ile isingekuwa tupu. Madereva wa malori na wafanyabiashara wa mnadani ndio hulala pale, na hao ndio wanaokula kwa shangazi, wanaonunua vitunguu, wanaotengenezesha matairi kwa fundi wa pancha. Wakikosa chumba wanasogea mji wa mbele. Mgeni wa ziara amechukua nafasi ya mteja wa kawaida, hakuongezeka juu yake. Kitabu cha gesti kinasema mapato yamepanda, daftari la shangazi linasema yameshuka, na wote wawili wanasema kweli.

Hili si la miji midogo pekee, ila kwenye mji mkubwa maumivu yanasambaa hivyo hayaonekani sana. Wenzetu wa Nairobi wanakumbuka Julai 2015, Rais Obama alipokuja Kenya. Barabara kubwa za jiji zilifungwa kwa saa nyingi, watu wengi wakaamua kubaki nyumbani, na katikati ya jiji pakawa kimya kuliko siku ya sikukuu. Muuza karanga wa Nairobi alipoteza siku mbili. Nairobi yenyewe ilikaa sawa wiki iliyofuata. Mji wenye mtaa mmoja wa biashara ukifungwa huo mtaa, umefunga mji.

Kwa kuwa tumemtaja Obama, nimepata mfano ambao nadhani unaeleza jambo hili kuliko mwingine wowote, na uko mbali kidogo: Ayalandi. Nivumilie, tutarudi stendi.

Kuna kijiji kinaitwa Moneygall, kaunti ya Offaly, chenye watu kama 300. Mtaa mmoja, baa, kanisa, nyumba zimepangana pande mbili za barabara. Kijiji hiki kwa miaka mingi kiliishi kwa barabara ile ile, ambayo ndiyo ilikuwa njia kuu ya Dublin kwenda Limerick. Magari yalilazimika kupita katikati yake. Mtu akisikia kiu anasimama, akitaka sigara anasimama. Ukiijua Mombo, ukimjua muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni anayekimbilia dirisha la basi, basi umeshaielewa Moneygall.

Mwaka 2007, Obama akiwa ndiyo kwanza anagombea, mchungaji mmoja wa eneo lile alipekua vitabu vya zamani vya kanisa na kukuta kwamba babu wa mababu wa Obama upande wa mama, kijana aliyeitwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, alitoka Moneygall mwaka 1850 akahamia Marekani. Hebu fikiria. Mtu ambaye sisi huku tunamhesabu mjaluo wa Siaya, wazungu wa Offaly nao wakasema huyu ni wetu. Na karatasi wanayo.

Desemba 2010 likatokea jambo ambalo halikupigiwa shangwe sana nje ya pale: barabara kuu mpya, M7, ilikamilika na kukipita kijiji pembeni. Magari ya Dublin na Limerick hayakuwa na sababu tena ya kuingia Moneygall. Wenyeji walipata utulivu na watoto waliweza kuvuka barabara, lakini biashara ya wapita njia ilikatika. Tena hiyo ilikuwa miezi michache ya hali mbaya kabisa nchini mwao. Mwezi uliotangulia tu, Novemba 2010, Ayalandi ilikubali mpango wa mkopo wa uokoaji wa yuro bilioni 85 baada ya mabenki yake kuyumba. Vijana walikuwa wanaondoka kwenda Australia na Canada kutafuta kazi, kama Kearney alivyoondoka.

Machi 17, 2011, siku ya Mtakatifu Patrick, Obama akatangaza Ikulu ya Marekani kwamba atakwenda Ayalandi mwezi Mei na atafika kijiji cha babu yake. Kijiji kikapata miezi miwili ya kujiandaa. Nyumba za mtaa zikapakwa rangi mpya, bendera zikatundikwa, fulana na vikombe vyenye sura ya Obama vikaingia madukani. Waandishi wa habari wakaanza kumiminika wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Hapa tusikilize vizuri, maana ndipo shangazi alipokosea: ile miezi miwili ilikuwa ni biashara kuliko siku ya ziara. Mpaka rangi anakula kila siku. Mwandishi wa habari anakunywa kahawa mara tatu kwa siku na halali barabarani. Mkaguzi wa usalama anarudi mara kadhaa. Hawa hawaji na mabasi ya kukodi, wanatembea mtaani na wana njaa.

Siku yenyewe ilikuwa Mei 23, 2011. Obama na mkewe walifika kwa helikopta, wakasalimiana na watu mtaani mvua na upepo vikipishana, wakaingia baa ya pale kijijini, akanywa Guinness mbele ya kamera, akatoa hela yake mwenyewe akalipa, kisha wakaondoka kwenda Dublin kwenye mkutano mkubwa. Hata usiku huo hakulala nchini humo. Jivu la volkano ya Iceland lilikuwa linatishia anga, ikabidi aondoke kwenda London mapema. Ziara nzima ya kijijini haikufika nusu siku. Ukiichukua kama mauzo ya siku moja, ni bia chache na umati uliokaguliwa na kusimama nyuma ya vizuizi.

Lakini ile picha ya bia ilizunguka dunia nzima. Kijiji kisingeweza kununua tangazo la namna ile hata kama kingeuza kila nyumba. Watalii wakaanza kutoka njia kuu kwenda kuona baa na nyumba ya mababu. Kwa muda kijiji kilirudishiwa kile ambacho barabara mpya ilikuwa imekichukua: sababu ya mtu kusimama.

Halafu ukaja mwaka 2014. Kwenye makutano ya M7 jirani na kijiji, mfanyabiashara wa mlolongo wa migahawa ya Supermac's alifungua kituo kikubwa cha mapumziko: mafuta, vyakula, vyoo safi, maegesho ya mabasi, na ghorofani sehemu ya maonyesho kuhusu Obama na Moneygall. Jina lake? Barack Obama Plaza. Sikutanii, ndiyo jina lililo kwenye kibao. Kituo kimeajiri watu wa eneo lile na mabasi yanasimama pale kutwa. Mtu anayetoka Dublin leo anaweza kunywa kahawa, kupiga picha na sura ya Obama, kumaliza haja zake na kuendelea na safari, bila gurudumu lake kugusa mtaa ambao Obama aliutembea.

Mimi hapo ndipo nilipokaa muda mrefu nikifikiri. Usinielewe vibaya, simlaumu mwenye kituo. Aliona jambo ambalo wengi hatulioni: hela haimfuati mgeni, inafuata mahali magari yanaposimama. Mgeni alileta jina. Jina likatembea likatafuta maegesho. Pale kijijini palikuwa na historia na baa nzuri, kwenye makutano palikuwa na ardhi, mtaji na njia ya kutokea. Waliopata ajira kwenye kituo wanakuambia ziara ile imewaokoa, na mwenye kiduka cha mtaani anaweza kukuambia alifaidi miaka michache tu. Inategemea umemuuliza nani, na amesimama upande gani wa barabara.

Ayalandi hiyo hiyo ina mfano mkali zaidi. Juni 1984 Rais Ronald Reagan alikwenda Ballyporeen, kijiji cha kaunti ya Tipperary alikotoka babu wa baba yake. Pale palikuwa na baa ambayo ilikuwa imeshajiita jina la Reagan hata kabla hajaja. Akaingia, picha zikapigwa, watalii wa Kimarekani wakaja kwa miaka. Kisha miaka ikapita, kizazi kikabadilika, wageni wakapungua. Mwaka 2004 vitu vya ndani ya baa ile pamoja na kibao chake vilinunuliwa na kusafirishwa hadi California, vikajengwa upya ndani ya maktaba ya kumbukumbu ya Reagan kule Simi Valley. Kwa hiyo leo ukitaka kukaa kwenye baa ya Reagan ya Ballyporeen, usiende Ballyporeen, nenda Marekani. Hata kuvuja kuna viwango, lakini hiki cha kuvuja mpaka kaunta!

Turudi kwetu sasa, tupitie Kogelo, maana Obama ana kijiji cha upande wa pili pia. Nyang'oma Kogelo, Siaya, nyumbani kwa baba yake. Alifika pale Agosti 2006 akiwa seneta, na shule za pale zikapewa jina la Seneta Obama. Aliposhinda urais Novemba 2008, umeme ambao kijiji kiliusubiri miaka yote ukafika ndani ya siku chache tu baada ya matokeo. Nguzo zilionekana haraka kuliko mtu alivyotegemea. Zikafuata nyumba za wageni, watalii wakaja kumsalimia Mama Sarah, na wanaouza vinyago na fulana wakapata pa kukaa.

Kisha ikaja Julai 2015. Rais wa Marekani anatua Kenya, na Kogelo walitegemea, kwa nini wasitegemee, kwamba mtoto atafika nyumbani. Hakufika. Alibaki Nairobi, ndugu zake ndio waliosafiri kwenda kuonana naye huko. Alikuja Kogelo mwaka 2018, akiwa ameshatoka madarakani, kufungua kituo cha vijana cha Sauti Kuu kilichoanzishwa na dada yake Auma, akakaa muda mfupi akaondoka kuelekea Afrika Kusini. Kwa hiyo katika miaka yote minane ya urais wake hakukanyaga pale. Na bado Kogelo ilipata umeme, na umeme ndio kitu ambacho kinyozi, mwenye friji ya soda na fundi wa kuchomelea wanakitumia kila siku mpaka leo, awepo mgeni asiwepo.

Ukilinganisha hivi vijiji vitatu, utaona kinachobaki kwa mfanyabiashara mdogo si umati. Ni kitu kilichofungwa ardhini ambacho kinamrahisishia kazi kesho yake: nguzo ya umeme, bomba, kivuko, choo cha stendi. Ndiyo maana kwetu watu wanafurika kwenye ziara na mabango yenye kero zao. Wanajua kwamba saa moja ya kiongozi kusikiliza inaweza kusogeza faili lililolala miaka. Hayati Magufuli alikuwa na kawaida ya kusimamisha msafara njiani akasikiliza watu na kutoa maagizo pale pale, na miji iliyosimamiwa ilipata kitu. Mji wa jirani uliopitwa kwa kasi ulipata vumbi. Bahati ya namna hiyo huwezi kuikopea kikoba.

Na wakati mwingine kinachofungwa ardhini kinamwondoa mfanyabiashara yule yule. Ahadi ya lami au ya kupanua barabara ni habari njema kwa mji, ila tukumbuke Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati. Mabanda mengi ya mama ntilie yako humo humo ndani, kwa sababu mteja yuko barabarani, si nyuma ya nyumba. Ile alama nyekundu ya X tunayoipita tukiwa kwenye mabasi, nyuma yake kuna mtu anapika. Hata usafi wa kuandaa ziara unaanza na mabanda: "toeni hivi vitu kwa siku mbili tu." Siku mbili za mtu anayekula kwa mauzo ya siku si ndogo.

Kuna jambo moja ambalo shangazi hakuniuliza na ndilo lililonisumbua zaidi. Wale maofisa, madereva, askari, vijana wa halaiki na wafunga mahema walikula siku ile. Mamia ya sahani. Nani aliwapikia? Alipikia mtu mwenye kampuni, mwenye namba ya mlipakodi, mashine ya risiti na akaunti ya benki, akitoka mji mkubwa na masufuria yake na wapishi wake. Ofisi ya umma haiwezi kulipa mtu kwa sababu anapika pilau tamu, inalipa karatasi. Hapa ndipo mji mdogo unapokosa hela kubwa ya ziara: haiibiwi na mtu, inapita juu ya vichwa vyao kwa sababu hawana karatasi ya kuikamatia.

Na njia ipo, ingawa ina usumbufu wake. Taratibu zetu za ununuzi wa umma zinataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Lakini vyote hivyo vinatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti na viongozi. Kikoba cha shangazi kina akina mama 18, kinakutana kila Jumamosi, kina nidhamu ya kulipa kuliko sisi na michango ya vikundi vyetu hapa chuoni. Hakijasajiliwa. Kina sanduku lenye kufuli tatu na daftari la mistari. Kujaza fomu, kuandika katiba ya kurasa nne, kuingia kwenye mfumo wa zabuni mtandaoni, hizo ni kazi ambazo mimi na wewe tunazifanya tukiwa tumelala nusu, maana ndizo tulizofundishwa kuomba mkopo wa kusomea. Kwa mama aliyeishia darasa la saba na simu ya tochi, ni ukuta.

Nilimpigia Jumamosi usiku, baada ya kikoba chao.

"Shikamoo shangazi. Lile swali nimelifanyia kazi."

"Marahaba baba. Haya, nikope?"

Nikamwambia asipikie umati. Siku ya ziara stendi itahamishwa tena, hata akienda na ndoo uwanjani atakuwa anashindana na vijana wa miguu miepesi wanaouza maji na ubuyu. Apikie wanaotangulia: mafundi wa jukwaa, wapaka rangi wa ofisi, wanaofyeka nyasi za uwanja, maofisa wanaokuja kukagua. Hao wanaanza kuingia kama wiki mbili kabla, ni wachache, na wanakula kila siku. Sahani 15 za kuongeza juu ya zile anazouza kila siku, si 120. Siku yenyewe atengeneze maandazi na karanga, vitu ambavyo visiponunuliwa leo vinaliwa kesho. Halafu nikamwambia kuhusu usajili, kwamba likizo hii nikija nitakaa na mwenyekiti wao tuandike hiyo katiba, twende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa ziara hii hatuwahi. Labda inayofuata, au hata si ziara, vikao vya halmashauri vinakula chai mwaka mzima.

Akanyamaza kidogo. Nikadhani mtandao umekata.

"Sasa wewe, laki tatu nikope au nisikope?"

"Kopa laki moja, shangazi."

"Laki moja hawatoi, kiwango cha chini laki na nusu."

"Basi laki na nusu."

"Haya. Nitawaambia mtoto wa chuo kasema." Akacheka. "Na hiyo katiba usije ukasahau, wenzio wameshaandika jina lako kwenye daftari." Kisha akauliza kama bumu letu limetoka, maana pazia la kibanda limechanika.